MBEGU ILIYOLALA YATAKA MLINZI ALIYE MACHO

Wahenga walisema akiba haiozi. Usemi huo ni wa kweli kwa fedha iliyowekwa, kwa nafaka iliyokaushwa vyema, na kwa wema aliotendewa jirani. Lakini iko akiba moja katika nyumba zetu ambayo huoza, tena huoza kimya kimya, huku mwenyewe akidhani kwamba iko salama. Akiba hiyo ni mbegu ya viazi mviringo, vile ambavyo Warundi huviita ibiraya, inayovunwa mwishoni mwa msimu wa Impeshi na kungojea mvua za Agatasi.

Kati ya mavuno ya mwezi wa Juni na upandaji wa Septemba na Oktoba iko miezi mitatu ya kiangazi. Katika miezi hiyo vilima vya Gitega hukauka, vumbi la barabara za Muyinga hupanda juu ya majani ya migomba, na jembe hupumzika ukutani. Watu wengi hudhani kwamba wakati huo hakuna kazi ya viazi. La hasha. Ni katika miezi hiyo, wala si siku ya kupanda, ambapo mavuno ya Januari hupatikana au hupotea. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza kwa ndugu zetu askari na polisi, pamoja na jamaa zao.

Kwa nini tuwaandikie watu wa bunduki habari za viazi? Sababu ni dhahiri. Askari aliye kambini Gitega mara nyingi nyumba yake iko kwingine, pengine Muyinga, na polisi wa Muyinga pengine shamba lake liko karibu na Gitega. Mshahara ni mmoja, lakini vyungu ni viwili. Shamba la nyumbani ndilo linalokijaza chungu cha pili. Zaidi ya hayo, watumishi hawa husafiri, na wanaposafiri hubeba magunia. Gunia la mbegu linalotoka Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi laweza kuwa zawadi njema kuliko zote, au laweza kuwa msiba wa kilima kizima. Tutaeleza mbele jinsi inavyokuwa.

MIEZI ILE ILE, MAUA NA CHAKULA

Jambo la kulinda mbegu iliyolala halikuanza kwetu. Huko Uholanzi wako wakulima ambao riziki yao ni maua ya tulipu. Maua hayo huota kutoka katika kiini cha chini ya ardhi kinachofanana na kitunguu. Yakisha kuchanua katika majira ya kuchipua, vitunguu hivyo hung'olewa mwezi wa Juni na Julai, hukaushwa, huchambuliwa kimoja kimoja, kisha huwekwa mahali pakavu penye hewa inayopita. Hukaa hapo hadi Oktoba na Novemba, ndipo hurudishwa udongoni.

Msomaji atatambua kwamba miezi hiyo ni karibu ile ile ya kwetu. Juni mbegu hutoka ardhini. Ifikapo Oktoba hurudi ardhini. Mholanzi hungojea baridi, Mrundi hungojea mvua, lakini wote wawili wana mzigo mmoja mikononi: kitu kinachoonekana kama kimekufa, nacho ki hai.

Tofauti iko katika mwanga. Kitunguu cha ua huridhika na ghala kavu lenye kivuli na hewa. Kiazi cha mbegu, kinyume na desturi ya nyumba nyingi, hutaka mwanga. Wakulima wengi wamekosea hapo, kwa kuwa wamezoea kukitunza kiazi cha mbegu kama kiazi cha kula, na hivyo viwili ni vitu viwili mbalimbali.

USINGIZI WA KIAZI

Kiazi kilichotoka ardhini leo hakiwezi kuota kesho, hata ukikipa maji na mbolea. Kiko usingizini. Usingizi huo huchukua muda wa miezi miwili hadi mitatu kwa aina nyingi, nyingine chini ya hapo na nyingine zaidi. Joto huufupisha, ubaridi huurefusha. Kwa hiyo mbegu ya aina moja, iliyovunwa siku moja, yaweza kuamka mapema ikitunzwa bondeni penye joto, na kuchelewa ikitunzwa juu mlimani.

Kiazi kinapolala kinaendelea kupumua. Hutumia wanga wake kidogo kidogo, hutoa unyevu, na hutoa joto. Kimoja peke yake hakidhuru kitu. Lakini mia mbili vikishindiliwa ndani ya gunia, na gunia hilo likilaliwa na magunia mengine pembeni ya jiko, joto lao hujikusanya, jasho lao hukosa pa kutokea, na uozo hupata makao. Kimoja kikioza, maji yake huteremka juu ya vilivyo chini. Mwenye mali hugundua siku ya kupanda, anapoingiza mkono guniani na kuutoa unanuka.

Usingizi ukiisha, macho ya kiazi huanza kuchipuka. Kwanza huamka jicho moja la nchani, nalo huyazuia mengine. Kikingoja zaidi mahali panapofaa, macho mengine nayo huamka, na kiazi hutoa vichipukizi vitatu, vinne au vitano. Hiyo ndiyo mbegu ya kupanda: yenye vichipukizi vifupi, vinene, vyenye nguvu. Kila kichipukizi kitakuwa shina, na mashina mengi yenye afya huleta viazi vingi. Kikingoja kupita kiasi, huzeeka. Vichipukizi vyake huwa vyembamba kama nywele, ngozi yake hukunjamana, na kikipandwa hutoa mmea dhaifu, au hutoa vijiazi vidogo vidogo bila kutoa mmea wowote wa maana. Basi mbegu ina ujana wake, utu uzima wake na uzee wake, na mkulima hodari ni yule anayeifikisha shambani ikiwa katika utu uzima.

ADUI WA KWANZA: GIZA

Mbegu ikitunzwa gizani, ndani ya gunia au chini ya kitanda, vichipukizi vyake hurefuka vikitafuta mwanga. Huwa virefu, vyeupe, laini, navyo husukana kama uzi uliotatanika. Siku ya kupanda huvunjika mkononi, na kiazi hulazimika kuanza upya kwa nguvu kidogo iliyobaki.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ni kuweka mbegu katika mwanga hafifu, yaani mwanga wa mchana ulioenea, bila jua kupiga moja kwa moja. Katika mwanga huo vichipukizi hubaki vifupi kama ncha ya kidole, hugeuka vya kijani au vya zambarau, na hukaa imara. Njia hiyo wakulima wa nchi mbalimbali walikuwa wakiijua kabla ya wataalamu kuiandika. Katika miaka ya 1970 na 1980 Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mwaka 1971 mjini Lima, Peru, kiliichunguza na kuieneza katika nchi nyingi za milima. Kwetu, mwaka 1982, Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule ziliungana katika mpango wa utafiti wa viazi uliojulikana kwa jina la PRAPAC, na baadaye Uganda nayo ikajiunga. Taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, ISABU, iliyoundwa mwaka 1962, imekuwa ikishughulika na mbegu za viazi tangu miaka hiyo.

Ghala la mwanga hafifu si jengo la fahari. Ni kibanda chenye paa la nyasi nene ili joto lisiingie. Kuta zake ni za fito au matete yaliyoachana, hewa na mwanga vipite. Ndani yake vimo vichanja, kimoja juu ya kingine, vyenye sakafu ya fito zenye nafasi. Kichanja cha chini kiinuliwe kutoka ardhini kiasi cha goti la mtu, panya na unyevu visifike kwa urahisi. Viazi vitandazwe juu ya vichanja, viwili au vitatu kwenda juu, visizidi hapo. Pande ndefu za kibanda zisielekee macheo wala machweo, maana jua la asubuhi na la jioni huingia kwa ubavu na kuchoma mbegu.

Asiye na nafasi ya kibanda aweza kutengeneza kichanja kimoja barazani, chini ya ukingo wa paa, upande usiopigwa na jua. Familia inayokaa katika nyumba ndogo karibu na kambi yaweza kutumia masanduku ya mbao yaliyo wazi, yakapangwa moja juu ya jingine kwa nafasi. Jambo la kukumbuka ni hili: ukiweza kusoma barua hapo mchana bila taa, na kivuli chako kisionekane kikali sakafuni, mbegu yako imepata mwanga unaofaa.

Mwanga una faida nyingine ambayo haitajwi sana. Kiazi kikikaa mwangani hugeuka kijani na kutengeneza sumu ambayo wataalamu huiita solanini. Kiazi hicho hakifai kuliwa na mtu wala mnyama. Kwa hiyo mbegu iliyogeuka kijani ina ulinzi wake yenyewe: mwizi haitamani kwa chakula, na mwenye nyumba hawezi kuigeukia siku ya shida. Watoto nao waelezwe mapema, wasije wakaipika wakiwa peke yao.

ADUI WA PILI: GONJWA LISAFIRILO

Tumesema kwamba gunia la mbegu laweza kuwa msiba. Sasa tueleze. Uko ugonjwa unaoitwa mnyauko bakteria. Mmea huanza kulegea mchana ungali kijani, kana kwamba umekosa maji, hata kama mvua ilinyesha jana. Baada ya siku chache haunyanyuki tena. Ukikata kiazi chake utaona duara la rangi ya kahawia ndani ya nyama, na ukikibana hutoka majimaji meupe kama maziwa. Pengine majimaji hayo hutokea machoni mwa kiazi, na udongo hunata hapo. Dawa ya kunyunyiza haipo. Udongo ulioambukizwa hukaa na ugonjwa kwa misimu mingi, na ugonjwa huo huo hushika nyanya, bilinganya, pilipili na tumbaku.

Ubaya mkubwa wa adui huyu ni kwamba hujificha. Katika milima yenye baridi mmea waweza kubeba vijidudu vyake bila kunyauka hata kidogo. Viazi vyake hutoka vizuri, ngozi safi, nyama nyeupe. Mwenyewe huchagua vile vilivyo bora na kuvituma kwa jamaa. Vikipandwa mahali pa chini penye joto zaidi, ugonjwa huamka.

Chukua mfano wa koplo aliye Gitega. Amenunua sokoni gunia la viazi kutoka nyanda za juu, amechagua vile vyenye ukubwa wa yai, amepata nafasi katika gari liendalo Muyinga. Nyumbani mkewe amepokea kwa furaha na amewagawia majirani wawili, kama ilivyo desturi ya watu wema. Shamba lao liko juu ya mteremko. Mvua ya Novemba inaponyesha, maji huteremka kutoka shamba hilo hadi la jirani wa chini, na vijidudu huteremka pamoja nayo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mwaka unaofuata kilima kizima kinauliza kwa nini viazi vinanyauka, na nyanya nazo zinakufa.

Aina ya Ndinamagara, ambayo nje ya Burundi hujulikana kwa jina la Cruza 148, ilipendwa na wakulima kwa kuwa huvumilia mnyauko. Tukumbuke hata hivyo kwamba kuvumilia si kupona. Mmea unaovumilia waweza kusimama wima ukiwa umebeba adui ndani yake. Kwa hiyo sura nzuri ya kiazi si cheti.

Nini basi kifanyike? Kwanza, mbegu ya kuanzia inunuliwe kwa wazalishaji wanaojulikana, ambao mashamba yao yamekaguliwa. Ofisi ya taifa ya ukaguzi na uthibitishaji wa mbegu, ONCCS, ipo kwa ajili hiyo, na mtaalamu wa kilimo wa tarafa aweza kumwelekeza mwananchi. Viazi vya sokoni viliwe, visipandwe. Pili, mkulima asiyeweza kununua mbegu mpya kila msimu achague mbegu yake shambani, si ghalani. Mimea ikianza kuchanua apite na vijiti, achome kijiti kando ya kila mmea wenye majani ya kijani sawasawa, shina imara na usio na jirani anayenyauka. Baada ya wiki mbili apite tena, na mmea wowote ulioharibika aunyang'anye kijiti chake. Siku ya kuvuna, mimea yenye vijiti ing'olewe kwanza na peke yake. Njia hiyo hupunguza sana magonjwa ya virusi ambayo hudhoofisha mbegu mwaka hata mwaka.

Tatu, shamba lililoona mnyauko lipumzishwe viazi kwa misimu kadhaa, lipandwe mahindi, mtama au maharage. Nne, viazi vilivyooza visitupwe katika shimo la mbolea wala mtoni. Vifukiwe kwa kina, mbali na shamba na maji. Jembe lililotumika katika shamba lenye ugonjwa lioshwe kabla ya kuingia shamba jingine. Askari hahitaji kuelezwa kwa nini silaha husafishwa baada ya kazi.

Kuna njia rahisi ya kuutambua mnyauko. Kata kipande cha shina la mmea unaolegea, karibu na ardhi. Kishike kining'inie ndani ya glasi ya maji safi, ncha ya chini ikizama kidogo. Ikiwa baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama moshi zinateremka majini, huo ni mnyauko bakteria. Mmea huo ung'olewe pamoja na udongo wake, na viazi vya shamba hilo visifanywe mbegu kamwe.

WADUDU WA GHALANI

Hata mbegu safi huweza kuharibiwa ikiwa ghalani. Nondo wa viazi hutaga mayai machoni mwa kiazi, na viwavi wake hutoboa njia ndani ya nyama. Vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani, hunyonya vichipukizi na kupeleka virusi kutoka kiazi hadi kiazi. Kwa nondo, wakulima wa nchi nyingi hutandika na kufunika mbegu kwa majani makavu yaliyopondwa ya lantana, kile kichaka chenye maua madogo ya rangi mbili kinachoota kando ya njia zetu, au majani ya mkaratusi. Harufu yake huwafukuza nondo. Tabaka liwe jepesi ili mwanga usizuiwe.

Anayetumia dawa ya viwandani aifuate kama alivyoelekezwa na mtaalamu, na afahamu kwamba mbegu iliyotiwa dawa hairudi tena jikoni kwa hali yoyote.

Zaidi ya yote, mbegu ikaguliwe. Mara moja kila wiki, siku iliyopangwa, mtu mmoja wa nyumba apite kwenye vichanja, ageuze viazi kwa mkono mwepesi, atoe kilichooza, kilichotobolewa na kinachotoa maji. Kazi hiyo haizidi nusu saa kwa mbegu ya familia moja. Wiki tatu bila ukaguzi zatosha kiazi kimoja kibovu kuharibu vingi.

ADUI WA TATU: SUFURIA

Tumemweka mwisho adui aliye karibu kuliko wote. Kiangazi ni majira ya arusi na ugeni. Mwishoni mwake huja Septemba, na pamoja nayo ada na madaftari ya shule. Chakula cha ghalani kinapungua, bei ya viazi sokoni inapanda, na pale kwenye kichanja kuna kilo mia moja zilizotulia. Sauti husema: tupunguze kidogo, tutanunua nyingine wakati wa kupanda. Lakini wakati wa kupanda kila mtu hununua, na bei huwa juu kuliko siku ile mlipouza.

Tufanye hesabu. Mkulima akipanda kwa mistari iliyoachana sentimita 80, na viazi vikiachana sentimita 30 katika mstari, shamba la ari moja hupokea mashimo zaidi ya 400. Mbegu ya ukubwa wa yai, yenye gramu 50, hufanya kilo 20 kwa ari hiyo. Kilo mia moja ni ari tano. Tuseme kila kilo huzaa kilo saba. Aliyezilinda kilo zake zote huvuna kilo 700. Aliyekula kilo 20 na kuozesha 20 nyingine huvuna kilo 420. Alichokula ni kilo 20. Alichopoteza ni kilo 280. Hiyo ndiyo bei ya sufuria na ya uzembe vikiungana.

Historia ina ushahidi mkali zaidi. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika mashamba ya viazi ya Ireland, na mwaka 1846 uliangamiza karibu mazao yote. Mwaka 1847 ugonjwa ulipungua, na mimea iliyokuwapo ilizaa vizuri. Hata hivyo mwaka huo ulikuwa miongoni mwa miaka mibaya kuliko yote, kwa kuwa kilichopandwa kilikuwa kidogo mno. Watu walikuwa wamekwisha kula mbegu. Hatuwezi kuwalaumu, maana walikuwa wakifa. Takriban watu milioni moja walikufa katika miaka ile, na wengine zaidi ya milioni moja waliihama nchi. Huko Uholanzi nako, katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Wajerumani, watu wa mijini walikula hata vitunguu vya tulipu, vile vile ambavyo baba zao walivilinda kwa vizazi vingi.

Uko mfano mwingine, nao wafaa kusimuliwa kambini. Mji wa Leningrad ulizingirwa na majeshi ya Wajerumani tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944. Ndani ya mji huo ilikuwamo taasisi iliyoanzisha mkusanyo mkubwa wa mbegu za dunia chini ya mtaalamu Nikolai Vavilov, ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa na serikali ya nchi yake na kufia gerezani mwaka 1943. Viazi vya mkusanyo huo viliondolewa katika shamba la Pavlovsk wakati majeshi yalipokuwa yakikaribia. Vadim Lekhnovich na Olga Voskresenskaya walikuwa miongoni mwa waliovilinda ndani ya mji katika baridi kali ya mwaka wa kwanza, wakitafuta kuni ili visigande na wakiwazuia panya. Wataalamu kadhaa wa taasisi hiyo walikufa kwa njaa huku mchele, nafaka na njugu vikiwa kwenye rafu zao. Majira ya kuchipua ya 1942 yalipofika, mbegu ilikuwapo ya kupanda.

Hatumwambii mtu yeyote afe kwa ajili ya gunia. Mtoto mwenye njaa apewe chakula. Hiyo ni sheria iliyo juu ya sheria zote za kilimo. Tunasema kwamba njaa nyingi zinazoila mbegu si njaa za kufisha. Ni upungufu uliowezekana kuonekana mapema na kupangiwa. Nyumba itenge mbegu siku ile ile ya mavuno, kabla ya kuuza na kabla ya kugawa. Mume na mke wakubaliane kiasi, wakitamke mbele ya watoto wakubwa, na kuanzia hapo mbegu isihesabiwe kuwa chakula.

Tena hapa pana haki inayopasa kutamkwa wazi. Askari akiwa Gitega, anayesimama lindo la mbegu Muyinga ni mkewe, au mama yake, au mtoto wake. Yeye ndiye anayesikia sauti ya sufuria kila jioni. Mume asiyetuma chochote mwezi wa Agosti hana haki ya kuuliza mwezi wa Oktoba mbegu ilikwenda wapi. Ulinzi wa mbegu huanza na posho inayofika nyumbani kwa wakati.

RATIBA YA KUFUATA

Kwa ufupi, kazi ipangwe hivi. Wiki mbili kabla ya kuvuna, majani ya mimea iliyochaguliwa yakatwe, ngozi ya viazi ipate kukomaa ardhini. Vuneni siku kavu, bila kujeruhi viazi kwa jembe. Vilivyojeruhiwa viliwe kwanza. Vilivyobaki vikae kivulini penye hewa siku kumi hadi kumi na nne, mikwaruzo ipone, kisha vipandishwe kwenye vichanja. Julai na Agosti ni miezi ya mwanga hafifu na ukaguzi wa kila wiki. Wiki tatu kabla ya siku mnayotarajia kupanda, tazameni macho. Ikiwa hayajaamka, wekeni mbegu siku chache mahali pa giza penye joto, na mara yakianza kuchomoza irudisheni mwangani. Mbegu isiyoamka isipandwe kwa haraka ya mvua ya kwanza, kwa sababu italala udongoni na kuozea humo.

Ndugu wasomaji, askari hujua kwamba adui hupendelea saa ya usingizi, na kwa sababu hiyo kambi iliyolala huwekewa mtu aliye macho. Mbegu ya viazi hulala miezi mitatu. Kichanja kimoja, nusu saa kila wiki, na neno moja la makubaliano kati ya mume na mke ndiyo gharama yote ya lindo hilo. Mvua za Agatasi hazimngojei mtu. Zikifika Gitega na Muyinga, zimkute kila mmoja wetu ana cha kuweka ardhini.